Kutoka Alizeti za Singida Hadi Vizio Maalumu

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Mandewa, Singida



Nilipoombwa kuzungumza leo, katibu wetu aliniambia nichague jambo lolote, mradi liwe na faida kwa vijana. Wengi waliosimama hapa miaka iliyopita walizungumza juu ya nidhamu, kilimo, na jinsi ya kutafuta kazi. Hayo ni mambo mema, na sina la kuyaongeza. Mimi nimechagua kuzungumza juu ya Hisabati, na tena ile Hisabati ambayo watu husema haina faida. Najua baadhi yenu mmeanza kuguna. Gunani polepole, nitawafikia.

Sababu yangu ni hii. Kila mwanafunzi hapa anajua jinsi daraja la mtihani wa Kidato cha Nne linavyotafutwa: huchukuliwa masomo saba uliyofanya vizuri kuliko mengine. Kutokana na kanuni hiyo umezuka ujanja ambao unasambaa katika mabweni yote ya nchi hii. Mwanafunzi akiwa bado Kidato cha Pili hujiambia, "Hisabati ni ya wenye vichwa vyao. Mimi nitatafuta saba zangu kwingine." Basi siku ya mtihani huingia, huandika namba yake, huchora picha, hutoka. Ndiyo maana somo hili limeshika mkia katika matokeo ya taifa mwaka baada ya mwaka. Sisemi kwamba watoto wetu hawana akili. Nasema wengi wao wamekwisha kukata tamaa kabla ya kuanza, na wamekata tamaa kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kuwa ndani ya namba mna jambo la kupendeza.

Leo nataka niwaonyeshe moja. Tutaanzia shambani hapa Singida, na tutaishia mahali ambapo wataalamu wa dunia wanafanya kazi hadi hivi sasa. Sitawaomba mjue zaidi ya kuzidisha, kutoa na kipeuo cha pili.

Alizeti na uwiano wake

Mkoa wetu unajulikana kwa alizeti. Hakuna mtoto wa hapa ambaye hajakaa na ua kubwa la alizeti mapajani akipukuchua mbegu. Lakini ni wangapi mmewahi kuzihesabu zile mistari? Mbegu za alizeti hazikupangwa ovyo. Zimejipanga katika mistari inayojipinda kutoka katikati kwenda pembeni, mingine ikipinda kuelekea kulia, mingine kushoto. Chukueni ua lililokomaa vizuri, tieni alama ya chokaa mstari mmoja, kisha zungukeni mkihesabu. Mara nyingi sana mtapata mistari 34 upande mmoja na 55 upande wa pili. Katika maua makubwa zaidi mtapata 55 na 89.

Namba hizo zinatoka katika mfuatano huu: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89. Kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Mwitaliano Leonardo wa Pisa, aitwaye Fibonacci, aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1202, na Wahindi walikuwa wanaujua kabla yake katika elimu yao ya mizani ya mashairi.

Sasa gawanyeni 55 kwa 34: mtapata 1.6176. Gawanyeni 89 kwa 55: mtapata 1.6182. Kadiri mnavyosonga mbele ndivyo jawabu linavyokaribia namba moja ambayo haifikiwi kamwe kwa sehemu yoyote ya namba kamili, nayo ni 1 jumlisha kipeuo cha pili cha 5, yote kugawanya kwa 2. Ni kama 1.618. Huitwa uwiano wa dhahabu. Leo, kwa ufupi, nitaiita d.

Namba hii d ina tabia ya ajabu. Toeni 1 kutoka kwake, mnabaki na 0.618. Sasa zidisheni 1.618 kwa 0.618. Mtapata 1, na si kwa kukadiria tu. Mkitumia namba zenyewe badala ya desimali, jawabu ni 1 kamili. Maana yake ni kwamba d inaigawa 1 bila baki, ndani ya ulimwengu wa namba zinazojengwa kwa namba kamili na d peke yake.

Hapo ndipo penye neno ninalotaka mlishike. Katika namba kamili za kawaida, ni namba mbili tu zinazoigawa 1 bila baki: 1 yenyewe na hasi 1. Lakini mkiongeza kipeuo fulani katika ulimwengu wenu wa namba, huenda zikatokea nyingine nyingi. Namba kama hizo nitaziita vizio. Msichanganye na vizio vya vipimo, kama mita na kilo. Hapa kizio ni namba inayoigawa 1. Na mkishapata kizio kimoja kama d, mnaweza kukizidisha chenyewe kwa chenyewe, mkapata kingine, na kingine, bila mwisho.

Ushahidi wa jambo hili uko kwenye alizeti yenyewe. Chukueni 55 na 34. Kipeo cha pili cha 55 ni 3025. Toeni 55 mara 34, yaani 1870. Toeni tena kipeo cha pili cha 34, yaani 1156. Mnabaki na hasi 1. Fanyeni hivyo hivyo kwa 89 na 55: 7921 toa 4895 toa 3025, mnapata 1. Jaribuni kwa 8 na 5, kwa 13 na 8, kwa jozi yoyote inayofuatana. Daima ni 1 ama hasi 1. Ua la shambani, bila kusoma Kidato cha Kwanza, linabeba vizio.

Kizio kilichofichwa ndani ya duara

Sasa chukueni bikari na rula. Choreni duara, mligawe sehemu 5 zilizo sawa, na mwunganishe nukta hizo. Mtapata umbo la pembe tano. Pimeni upande mmoja, kisha pimeni ulalo, yaani mstari unaoruka nukta moja. Gawanyeni ulalo kwa upande. Jawabu ni 1.618, ile ile d ya alizeti.

Hii si bahati nasibu. Mkigawa duara sehemu 7, au 11, au sehemu za namba tasa yoyote, kisha mkagawanya urefu wa mstari mmoja wa ndani kwa urefu wa upande, kila mara mtapata kizio. Hivi ndivyo vinavyoitwa vizio maalumu. Vinaitwa maalumu kwa sababu vizio kwa kawaida ni vigumu kuvipata. Mtu anaweza kuvitafuta kwa kompyuta siku nzima. Lakini hivi vinapatikana kwa kugawa duara na kupima mistari yake. Vimetolewa bure, kama maji ya mvua.

Swali linakuja: je, hivi vya bure ndivyo vyote? Au kuna vingine vilivyofichika ambavyo duara halivionyeshi? Kwa namba 5 jawabu ni rahisi: kila kizio cha ulimwengu wa d kinapatikana kwa kuzidisha au kugawanya d yenyewe, pamoja na alama ya hasi. Hakuna kilichofichika. Kwa namba tasa nyingine huenda pakawa na upungufu, na upungufu huo, ndugu zangu, si kasoro ya bure. Unapima kitu kingine kabisa. Ili mkifahamu, ni lazima niwasimulie habari ya mwalimu mmoja wa sekondari.

Mwalimu wa sekondari aliyeokoa jahazi

Mnajua tangu darasa la tano kwamba kila namba kamili kubwa kuliko 1 hugawanyika kuwa namba tasa kwa njia moja tu. 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5, na hakuna njia nyingine. Tumezoea hivyo, hata hatudhani kuwa inaweza kuwa vinginevyo.

Lakini ingieni katika ulimwengu wa namba zinazojengwa kwa namba kamili na kipeuo cha pili cha 10. Humo, 6 ni 2 mara 3. Na humo humo, 6 ni 4 jumlisha kipeuo cha 10, mara 4 toa kipeuo cha 10. Hesabuni: 16 toa 10 ni 6. Na hakuna hata moja kati ya namba hizo nne inayoweza kuvunjwa zaidi humo ndani. Namba moja ina koo mbili. Sheria tuliyoiamini tangu utotoni imevunjika.

Mwaka 1847 jambo hili lilimwaibisha mtu mkubwa. Mfaransa Gabriel Lamé alisimama mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris akatangaza kuwa amethibitisha neno la Fermat, lililokuwa limewashinda watu kwa zaidi ya miaka mia mbili: kwamba hakuna namba kamili, zisizo sifuri, ambazo vipeo vyake vya tatu, vya nne, vya tano na kuendelea, viwili vikijumlishwa, vinatoa kipeo cha namna ile ile. Lamé alitumia namba za kugawa duara, kama zile tulizochora. Mwenzake Joseph Liouville akauliza pale pale: je, una hakika kwamba katika ulimwengu huo namba huvunjika kwa njia moja tu? Hakuwa na hakika. Miezi michache baadaye ilisomwa barua kutoka kwa Mjerumani Ernst Kummer, iliyoeleza kwamba sheria hiyo haishiki huko, na kwamba yeye alikwisha kuchapisha jambo hilo mwaka 1844.

Nani alikuwa Kummer? Tangu mwaka 1832 hadi 1842 alikuwa mwalimu wa sekondari katika mji wa Liegnitz, ambao leo uko Poland na huitwa Legnica. Alikuwa akifundisha huku akifanya utafiti wake. Mmoja wa wanafunzi wake hapo shuleni, Leopold Kronecker, naye akawa mwanahisabati mkubwa wa karne ile. Walimu wetu mlioko hapa, mkichoka na chaki, kumbukeni Liegnitz.

Kummer hakuishia kusema sheria imevunjika. Alitafuta kipimo cha kuvunjika kwake. Kila ulimwengu wa namba una namba yake, ambayo hapa nitaiita namba ya matabaka. Ikiwa 1, sheria inashika na mambo yamenyooka. Ikiwa 2, kama katika ule ulimwengu wa kipeuo cha 10, kuna uvujaji. Ikiwa kubwa zaidi, uvujaji ni mkubwa zaidi. Kisha akaonyesha kwamba mkichukua namba tasa, na ikawa haigawi namba ya matabaka ya duara lake, basi neno la Fermat ni kweli kwa namba tasa hiyo. Chini ya 100 namba tasa zinazoleta matata ni tatu tu: 37, 59 na 67.

Na hapa ndipo vizio maalumu vinaporudi. Namba ya matabaka ya ule upande wa duara unaoweza kupimwa kwa rula ni sawasawa na upungufu niliousema: yaani, vizio vyote vinazidi vile vya bure mara ngapi. Fikirini jinsi ilivyo ajabu. Mnapima pengo katika vizio, na mnapata kipimo cha kuvunjika kwa sheria ya namba tasa.

Kipimo kingine cha ukaribu

Kitabu cha pili cha hadithi yetu kinaanza kwenye kioo cha gari. Wale mliowahi kupanda magari ya zamani mnaijua mita ya kilometa yenye magurudumu madogo ya namba. Ikiwa inasoma 000000 nanyi mkairudisha nyuma kilometa moja, itasoma 999999. Basi kwa mita hiyo, 999999 ni jina jingine la hasi 1. Mkiongeza 1 inarudi sifuri. Mita yenye magurudumu mengi zaidi ingeandika 9 nyingi zaidi.

Kwa mtu wa kawaida 1,000,000 iko mbali na sifuri. Kwa mita ile iko karibu kabisa, kwa sababu inagawanyika kwa 10 mara nyingi. Mwaka 1897 Mjerumani Kurt Hensel alianza kuipa fikra hii msingi wa kitaalamu. Badala ya 10 akachukua namba tasa yoyote, tuseme 5, na akapima ukaribu hivi: namba mbili ziko karibu iwapo tofauti yao inagawanyika kwa 5, na ziko karibu zaidi iwapo inagawanyika kwa 25, na zaidi tena kwa 125. Mchezaji wa bao atanielewa haraka. Katika bao letu kila mchezaji ana mashimo 16. Ukisambaza kete 4 kwa kuzunguka au kete 20, unaishia shimo lile lile. Kwa jicho la bao, 4 na 20 ni ndugu.

Sasa chukueni namba za Bernoulli. Zilichapishwa katika kitabu cha Jakob Bernoulli mwaka 1713, baada ya kifo chake. Mjapani Seki alikuwa amezipata kivyake, nazo zikachapishwa mwaka 1712. Zinatokea katika kanuni za kujumlisha vipeo. Ya pili ni 1/6, ya nne ni hasi 1/30, ya sita ni 1/42, ya nane ni hasi 1/30, ya kumi ni 5/66. Gawanyeni kila moja kwa nafasi yake: mtapata 1/12, hasi 1/120, 1/252, hasi 1/240, na 1/132. Ukizitazama kwa macho ya kawaida hazina mpango wowote.

Vaeni miwani ya 5. Chukueni ya pili na ya sita, ambazo zimeachana nafasi 4. 1/12 toa 1/252 ni 5/63. Ile 5 imejitokeza juu! Chukueni ya pili na ya kumi: 1/12 toa 1/132 ni 5/66. Imejitokeza tena. Vaeni miwani ya 7, na ruka nafasi 6: ya pili na ya nane. 1/12 toa hasi 1/240 ni 7/80. Ya nne na ya kumi: 1/132 toa hasi 1/120 ni 7/440. Namba tasa p inakuja kila mara mnaporuka nafasi p toa 1, mradi nafasi zenyewe zisigawanyike kwa p toa 1. Kummer, yule yule mwalimu wa zamani wa Liegnitz, alilithibitisha jambo hili mwaka 1851.

Sehemu hizi zina ukoo mkubwa. Ukizigeuza alama ni thamani za mfululizo maarufu wa Euler, 1 jumlisha 1/2 jumlisha 1/3 na kuendelea, kila asili ikipandishwa kwenye kipeo fulani, zikichukuliwa pale kipeo kinapokuwa namba hasi na mfululizo umepewa maana mpya. Mifululizo ya aina hii huitwa fanksheni za L. Mwaka 1964 wataalamu wawili, Tomio Kubota wa Japani na Heinrich Leopoldt wa Ujerumani, walionyesha kwamba nukta hizi alizoziona Kummer, baada ya kusafishwa kidogo, zinaungana kuwa mstari mmoja laini usiokatika, mradi ukaribu upimwe kwa miwani ya p. Mstari huo ndio fanksheni ya L ya p. Ni kama mtu anayetia alama za mvua kwenye karatasi ya grafu, siku moja akagundua kuwa alama zote zinalala juu ya mkunjo mmoja.

Vitabu viwili vya hesabu

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ya kila siku ni kulinganisha vitabu. Karani mmoja ana daftari lake la fedha, benki ina taarifa yake. Watu wawili wasiozungumza wameandika kwa njia mbili tofauti. Mwisho wa mwezi ninakaa mezani kuona kama vinakubaliana. Vikikubaliana hadi senti ya mwisho, najua kwamba nyuma ya karatasi hizo mna fedha za kweli, wala si maneno matupu.

Hisabati niliyowaeleza ina vitabu viwili vya namna hiyo. Kitabu cha kwanza kimeandikwa kwa algebra: vizio vyote, vizio maalumu, pengo kati yao, na namba ya matabaka. Kitabu cha pili kimeandikwa kwa mifululizo: ile fanksheni ya L ya p iliyotoka kwenye sehemu za Bernoulli. Karani wa kitabu cha kwanza anachora maduara; wa kitabu cha pili anajumlisha mifululizo. Leopoldt alionyesha kwamba thamani moja ya fanksheni yake, pale kwenye namba 1, imejengwa kwa logi za namba zile zile zinazozaa vizio maalumu, logi zenyewe zikipimwa kwa miwani ya p. Mjapani Kenkichi Iwasawa akaona mbali zaidi. Alidai kuwa vitabu hivi viwili vinakubaliana kila ukurasa, si kwa duara la sehemu p peke yake, bali kwa maduara ya p mara p, na p mara p mara p, bila kikomo. Dai hilo likaitwa Dai Kuu.

Barry Mazur na Andrew Wiles walilithibitisha katika kazi iliyochapishwa mwaka 1984. Uthibitisho wao ulikuwa mrefu na mgumu. Kisha Francisco Thaine, katika makala ya mwaka 1988, akarudi kwenye vizio maalumu vyenyewe na kuvitumia kwa njia mpya. Victor Kolyvagin akaipanua njia hiyo, na Karl Rubin akaonyesha kwamba inatosha kulithibitisha Dai Kuu lote kwa ufupi zaidi. Vile vitu vya bure, vya kugawa duara, vilikuwa na nguvu kuliko watu walivyodhani. Wiles naye akaenda mbele kumaliza neno la Fermat lenyewe: alilitangaza Juni 1993, likaonekana pengo, akaliziba Septemba 1994 akisaidiwa na Richard Taylor, na kazi ikachapishwa mwaka 1995. Na mambo hayajaisha. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya Samit Dasgupta na Mahesh Kakde juu ya vizio maalumu vya aina nyingine, ambapo fanksheni za L za p zinasaidia kuvipata vizio ambavyo rula na duara haviwezi kuvionyesha.

Faida yake ni nini?

Nasikia sauti kule nyuma: "Mzee, hayo yote yatanipa ugali?" Ni swali la haki, nami nitalijibu bila kuzungukazunguka. Fanksheni ya L ya p haijajenga daraja wala kisima. Lakini mwaka 1940 Mwingereza G. H. Hardy aliandika kitabu akijisifu kuwa elimu ya namba haina matumizi ya kivita. Mwaka 1977 namba tasa kubwa zilianza kutumika kufunga siri kwa njia mpya, na mwaka 1985 Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja kivyake, wakapendekeza kutumia mikunjo ya aina ile ile ambayo Wiles aliishughulikia. Leo ukifungua tovuti ya benki yako, kufuli inayolinda fedha zako imetengenezwa kwa elimu ya namba. Hardy alikuwa mtaalamu mkubwa, na hata yeye hakuweza kujua. Basi mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayesema "hii haitanisaidia" amejuaje?

Lipo na jambo jingine. Nimezungumza nanyi kwa Kiswahili muda wote huu, na sikukwama. Tunazo namba shufwa na witiri, namba tasa, kipeuo, kigawo, uwiano, logi. Wazee wetu walipoiita namba tasa walitumia neno la mtu asiyezaa, na ni jina linaloeleza zaidi kuliko majina ya lugha nyingine nyingi. Mtihani wenu ni wa Kiingereza, na Kiingereza ni lazima mkijue. Lakini msidhani kwamba usipoelewa sentensi ya Kiingereza umeshindwa Hisabati. Ielezeni kwanza kwa lugha mnayoiota usiku, kisha iandikeni kwa lugha ya mtihani. Mtaona kwamba lililowashinda mara nyingi lilikuwa sentensi tu.

Tena msiogope kuuliza. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya uliopoa. Alipouliza alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja makala ambayo wataalamu wa dunia wanabishana juu yake mpaka leo. Liouville pia aliuliza swali moja tu, "Una hakika?", na swali hilo lilifungua mlango mpana kuliko hotuba nzima ya Lamé.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi matatu kwa Chama chetu, nami niko tayari kuchangia kila moja. Kwanza, tununue mikebe ya jometri ya kutosha, kila dawati lipate bikari na rula, maana hotuba yangu haina maana kwa mtoto asiyeweza kuchora duara. Pili, tuanzishe chama cha Hisabati cha Jumamosi, ambacho hakitafuti alama, bali hutafuta maswali. Na bao liwepo, kwa kuwa ni mwalimu mzuri. Tatu, kila mwanachama aliyesoma masomo ya hesabu aje hapa angalau mara moja kwa mwaka, aketi na darasa moja kwa saa mbili. Safari ya basi ni ghali, lakini ujinga ni ghali zaidi.

Na kwenu, wadogo zangu, nina kazi moja ya nyumbani. Msimu wa mavuno tafuteni ua moja la alizeti, hesabuni mistari ya kulia na ya kushoto, kisha fanyeni ile hesabu ya vipeo niliyowaonyesha. Andikeni majibu yenu ubaoni, pamoja na yale yasiyokubaliana na maneno yangu, kwa kuwa hayo ndiyo yenye swali jipya. Halafu mkajisajili kwa mtihani wa Hisabati kama watu wanaokusudia kufaulu, msihesabu masomo saba peke yake.